Nani aliulizwa kuhusu sekunde ya nyongeza?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, kwa majira ya Afrika Mashariki, saa nane na dakika 59 ilipofika sekunde ya 59, sekunde iliyofuata haikuwa saa tisa kamili. Iliingizwa sekunde moja zaidi, ya 60, ndipo saa tisa ikaingia. Waliokuwa bado macho Mombasa, Kampala au Dar es Salaam wakiusherehekea mwaka mpya hawakuihisi, na sidhani kama kuna aliyewatangazia. Ilikuwa sekunde ya nyongeza ya 27 tangu mwaka 1972, na mpaka sasa ndiyo ya mwisho.

Huenda isiwepo nyingine. Mwezi Novemba 2022, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, chombo cha mataifa yaliyotia saini Mkataba wa Mita, uliketi Versailles, Ufaransa, na kuamua kwamba ifikapo 2035 au kabla yake, tofauti inayoruhusiwa kati ya saa rasmi ya dunia na mzunguko wa dunia yenyewe iongezwe. Kwa lugha nyepesi, sekunde ya nyongeza iwekwe kando kwa angalau miaka 100. Uamuzi huo unagusa saa ya kila mtu, lakini mjadala uliouzaa, uliochukua zaidi ya miaka 20, ulibaki mikononi mwa watu wachache sana. Maoni ya umma yalitafutwa mara chache, na hata hayo machache hayakuelekea ulikoelekea uamuzi.

Ugomvi wenyewe una chanzo kinachoeleweka. Zamani sekunde ilipatikana kwa kuigawa siku ya jua katika sehemu 86,400. Mwaka 1955, Louis Essen na Jack Parry wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, huko Teddington, walitengeneza saa ya sesiamu iliyokuwa imara kuliko mzunguko wa dunia. Mwaka 1967 mataifa yakakubaliana kwamba sekunde ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya sesiamu 133. Kuanzia hapo sekunde haikulihitaji jua tena.

Dunia, kwa upande wake, haina uthabiti huo. Maji ya bahari yanapojaa na kupwa husuguana na sakafu ya bahari, hasa penye kina kifupi, na msuguano huo huipunguzia dunia kasi kidogo kidogo, huku mwezi ukisogea mbali nasi kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka. Aliyezoea kuyatazama maji yakikauka pwani ya Bagamoyo na kurudi ameiona nguvu hiyo ikifanya kazi. Zaidi ya hapo, urefu wa sekunde ya atomiki ulioanishwa na hesabu za mwanafalaki Simon Newcomb, zilizotokana na vipimo vya karne ya 18 na ya 19, wakati siku ilikuwa fupi kidogo kuliko katika karne ya 20. Kwa hiyo saa ya atomiki ilianza kuitangulia dunia tangu ilipozaliwa, kwa milisekunde chache kila siku, na milisekunde hizo zikijumlishwa kwa mwaka mmoja au miwili zinafika sekunde nzima.

Suluhisho la 1972 lilikuwa mapatano. Sekunde ibaki ya atomiki, lakini saa rasmi, inayojulikana kama UTC, isiachane na mzunguko wa dunia kwa sekunde nzima. Pengo likikaribia kiwango hicho, sekunde moja huongezwa mwisho wa Juni au wa Desemba. Waliofikiriwa hasa ni mabaharia waliokuwa wakitafuta mahali walipo kwa kupima nyota: kwenye ikweta, sekunde moja ya mzunguko wa dunia ni takriban mita 465, na kosa la kiasi hicho usiku, karibu na miamba, si dogo.

Ubaya wa mapatano hayo ni kwamba hayatabiriki. Tarehe 29 Februari tunaijua miaka elfu mapema. Sekunde ya nyongeza hutangazwa na ofisi iliyoko kwenye Kituo cha Falaki cha Paris kama miezi sita tu kabla, baada ya dunia kupimwa. Kati ya 1972 na 1979 ziliongezwa tisa. Kisha, baada ya ile ya mwisho wa 1998, ikapita miaka saba bila hata moja.

Kipindi hicho cha ukimya kilikuwa na madhara yake. Ndicho kipindi ambacho intaneti ilikua, na kizazi kizima cha waandishi wa programu kikajifunza kazi bila kukutana na dakika yenye sekunde 61. Programu nyingi za kompyuta huhesabu sekunde tangu mwaka 1970 na kuchukulia kwamba kila siku ina sekunde 86,400. Sekunde ya 60 haina namba katika hesabu hiyo, kwa hiyo hulazimika kuhesabiwa mara mbili, na kwa mashine hapo wakati umerudi nyuma. Usiku wa tarehe 30 Juni 2012, kwa saa za Greenwich, kasoro iliyokuwa ndani ya mfumo wa Linux ilijitokeza katika dakika hiyo hiyo. Seva zilianza kuzunguka zikifanya kazi kwa nguvu zote bila kumaliza chochote. Tovuti za Reddit na LinkedIn ziliyumba, na Australia, ambako tayari kulikuwa kumekucha, mfumo wa kupokea abiria uliotumiwa na shirika la ndege la Qantas ulikwama, wafanyakazi wakaandikisha abiria kwa mkono huku foleni zikirefuka.

Mkasa wa mwaka mpya wa 2017 unaonyesha vizuri zaidi jinsi kosa linavyotokea. Kampuni ya Cloudflare ilikuwa na programu iliyopima muda ambao seva ilichukua kujibu: ilichukua saa ya kumaliza, ikatoa saa ya kuanza. Aliyeiandika aliamini, kama ambavyo yeyote angeamini, kwamba jibu haliwezi kuwa chini ya sifuri. Sekunde ya nyongeza ilipoingia, lilikuwa chini ya sifuri. Namba hiyo ikapitishwa kwenye hatua iliyofuata, ambayo haikubali namba hasi, na sehemu ya huduma ikaanguka. Wahandisi walilazimika kufanya kazi siku ya sikukuu kutafuta mstari mmoja wa maandishi.

Kwa kuhofia hitilafu za aina hiyo, kampuni kubwa ziliamua kujitafutia njia. Google ilianza kuipaka sekunde hiyo kidogo kidogo, hivyo kwamba kila sekunde ndani ya saa 24, kuanzia mchana wa siku moja hadi mchana wa siku ya pili, inarefushwa kwa kiasi kisichoonekana mpaka nyongeza yote imemezwa. Amazon ilifuata njia hiyo. Kampuni ya Meta iliipaka kwa saa 17. Maana yake ni kwamba katika siku hiyo kompyuta za kampuni moja na za kampuni nyingine hazisomi saa ileile, na zote hazilingani na saa rasmi. Mifumo ya setilaiti iligawanyika pia: GPS haikuwahi kuzipokea sekunde hizi tangu ilipoanza kuhesabu Januari 1980, na sasa imeitangulia UTC kwa sekunde 18, ilhali GLONASS ya Urusi huzifuata. Kwangu hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote dhidi ya sekunde ya nyongeza, zaidi hata ya hitilafu za kompyuta. Ilibuniwa ili dunia iwe na saa moja, na imeishia kuizalia saa kadhaa.

Basi watu walisema nini walipoulizwa?

Ofisi ya Paris iliyotajwa iliwauliza watumiaji wa taarifa zake mwaka 2011. Karibu robo tatu ya waliojibu walitaka utaratibu ubaki kama ulivyo. Wanaotetea sekunde ya nyongeza wameishika namba hiyo kama ushahidi, lakini inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Wanaopokea taarifa za mzunguko wa dunia ni, kwa kiasi kikubwa, watu ambao kazi yao inautegemea mzunguko huo: wanafalaki, wapimaji, waongozaji wa darubini. Darubini iliyoelekezwa kwa saa iliyokosea sekunde moja hukosa shabaha kwa hadi sekunde 15 za tao, na vituo vingi vina programu za zamani zinazochukulia kwamba UTC na mzunguko wa dunia ni kitu kimoja. Kuzibadilisha ni gharama. Watu hao walikuwa na sababu ya kujibu, na walijibu. Wahandisi wa seva, ambao mwaka uliofuata wangekesha wakizima moto wa Linux, wengi wao hawakuwa kwenye orodha.

Jaribio la maana zaidi la kumsikiliza mwananchi wa kawaida lilifanywa na Uingereza mwaka 2014. Serikali iliitisha mazungumzo na watu wasio na utaalamu, ikawaeleza hoja za pande zote, kisha ikawasikiliza. Wengi hawakuwa wamewahi kuisikia sekunde hii. Baada ya kuelezwa, mwelekeo wao ulikuwa kwamba uhusiano wa saa na jua udumishwe. Nauheshimu utaratibu huo, kwa sababu maoni ya mtu kuhusu jambo ambalo hajawahi kuelezwa si maoni bado. Lakini Uingereza ilikuwa na historia yake mezani. Sheria yake ya Tafsiri ya mwaka 1978 bado inasema saa ya nchi ni ya wastani ya Greenwich, yaani ya jua linavyopita Greenwich, na David Willetts, alipokuwa waziri wa sayansi, alikwisha sema waziwazi kwamba kuiacha sekunde ni kuachana mwishowe na mchana na usiku ambavyo watu wanavijua. Ni vigumu kuutenga upendo wa jua na upendo wa Greenwich katika majibu ya Waingereza.

Kwingineko umma haukuulizwa. Serikali zilisema kwa niaba yake. Kwenye kikao cha Shirika la Mawasiliano la Kimataifa mjini Geneva, Januari 2012, Marekani, Ufaransa na Japani zilitaka sekunde ifutwe. Uingereza, China na Canada zilitaka ibaki. Nigeria, Urusi na Uturuki zikasema suala lichunguzwe zaidi. Kikao kikaahirisha. Mwaka 2015 kikaahirisha tena, hadi 2023. Urusi ilikuwa na sababu ya kiufundi, maana GLONASS ingehitaji kurekebishwa angani na ardhini, na hata kwenye mkutano wa Versailles Urusi ilitaka muda zaidi ya 2035. Msimamo wa Nigeria ndio ulionigusa. Kuomba muda wa kuelewa jambo kabla ya kulipigia kura ni ombi la haki, na ni nchi chache za bara letu zilizosikika zikilitoa.

Kilichobadilisha hali si wananchi bali kampuni. Mwezi Julai 2022, miezi michache kabla ya Versailles, wahandisi wa Meta walitoa wito wa hadharani kwamba sekunde za nyongeza zikomeshwe, na kampuni nyingine kubwa za teknolojia zikawa upande huo huo. Wataalamu wa vipimo waliokuwa wakisema hivyo kwa miaka mingi walipata washirika wenye sauti. Hoja zao nazikubali. Njia iliyotumika inanitia wasiwasi, kwa kuwa kama seva ndizo zinazoamua mchana wetu upimwe vipi, kesho zitaamua mengine.

Kuna pia hofu iliyosukuma uamuzi kutoka upande usiotarajiwa. Tangu mwaka 2020 hivi dunia imeongeza kasi. Tarehe 29 Juni 2022 ilijizungusha kwa muda uliopungua saa 24 kwa milisekunde 1.59, na tarehe 5 Julai 2024 ikapunguza zaidi, milisekunde 1.66. Sababu kubwa inatafutwa ndani kabisa, kwenye kiini cha dunia kilicho majimaji. Hali ikiendelea, kanuni za 1972 zingelazimisha sekunde iondolewe badala ya kuongezwa, jambo ambalo halijawahi kufanyika na ambalo programu nyingi hazijawahi kujaribiwa kwalo. Machi 2024, Duncan Agnew wa Chuo Kikuu cha California alichapisha katika jarida la Nature hesabu inayoonyesha kwamba kuyeyuka kwa barafu za ncha za dunia, kunakohamishia maji kuelekea ikweta, kunaipunguza kasi hiyo na kuisogeza siku ya hatari kutoka 2026 hadi 2029. Joto tulilolisababisha sisi limeingia hata kwenye hesabu ya saa.

Sasa niwarudie wanaosema saa isiachane na jua. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hoja hii haina haja ya kubaki ya nadharia, kwa sababu tunahesabu saa zetu kutoka macheo na machweo. Saa sita mchana kwetu inapaswa kuwa jua la utosini. Je, ndivyo ilivyo?

Majira ya Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya Greenwich, ni ya longitudo ya 45 mashariki, mstari unaopita Somalia. Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya 39 na kitu. Kwa hiyo jua hufika juu kabisa Dar, kwa wastani, saa sita na dakika 23. Hata wastani huo huhama na misimu, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama: mwanzoni mwa Novemba ni kama saa sita na dakika 7, na katikati ya Februari ni kama saa sita na dakika 37. Anayetaka uthibitisho hahitaji darubini. Kalenda za swala zinazobandikwa kwenye kuta za misikiti zinaonyesha wakati wa adhuhuri, ambao huingia jua linapoanza kupinduka, ukipanda na kushuka hivyo hivyo kila mwaka. Waislamu wa pwani wanaishi na saa mbili kwa pamoja, ya ukutani na ya jua, na hawachanganyikiwi. Wakokotozi wa kalenda hizo huanza na jua, kisha hutafsiri kwa saa iliyopo, iwe imekaa wapi.

Nenda magharibi zaidi. Kigoma jua hupita juu saa saba na dakika moja kwa wastani. Bujumbura, mji mwingine wa Ziwa Tanganyika, karibu kwenye longitudo ileile, jua hupita juu saa sita na dakika tatu hivi, kwa sababu Burundi hutumia majira ya saa mbili mbele ya Greenwich. Mvua ni ileile na jua ni lilelile, lakini saa zao zinapishana kwa saa nzima, na aliyezitenga ni serikali. Ukiendelea na kasi ya miaka ya 1972 hadi 2016, kuiacha sekunde ya nyongeza kutalisogeza jua la utosini kwa kama dakika moja katika miaka 100. Mkazi wa Kigoma tayari anabeba dakika 61.

Kwa hiyo wanaosema tutapoteza uhusiano wa saa na jua wanatetea kitu ambacho kwa kipimo cha sekunde hatujawahi kuwa nacho. Uhusiano tulio nao, na ambao watu wa kawaida wanautaka wanapoulizwa, ni wa kipimo cha saa nzima: asubuhi iwe asubuhi, watoto waende shule kukiwa na mwanga, mchana usiangukie usiku wa manane. Nadhani hata wale Waingereza wa 2014 hicho ndicho walichokuwa wakikitetea. Na uhusiano huo hautunzwi na ofisi ya Paris. Unatunzwa na serikali zinapopanga majira ya nchi.

Mfano uko jirani. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikatoka kwenye majira yetu na kuhamia saa mbili mbele ya Greenwich. Juba ilikuwa ikiliona jua la utosini karibu saa saba kasoro dakika sita; baada ya badiliko, saa sita kasoro dakika sita. Serikali ilitangaza, watu wakarekebisha saa, maisha yakaendelea. Afrika Mashariki nayo ilipitia hayo wakati wa ukoloni: Kenya iliwahi kutumia saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, kisha saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye saa tatu kamili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Versailles. Kuiondoa sekunde ni sawa. Kilichoachwa wazi ndicho kibaya. Azimio la 2022 lilisema tofauti inayoruhusiwa iongezwe, lakini halikusema iwe kiasi gani. Liliagiza pendekezo lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa 28, uliopangwa kufanyika 2026. Wapo wanaotaka dakika moja. Pendekezo hilo linaonekana la busara kwa kuwa linahifadhi kanuni, lakini ukilipima na yaliyotokea baada ya 1998 linatisha. Miaka saba tu bila sekunde ya nyongeza ilitosha kuwasahaulisha watengeneza programu. Dakika itakayoongezwa mara moja baada ya karne nzima itamkuta fundi ambaye mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, hawakuwahi kuiona, na itaingia kwenye mifumo ya umeme, ya ndege na ya fedha za simu kwa ukubwa mara 60 wa ile sekunde iliyoiangusha Linux.

Afadhali kikomo kiwe saa moja, na iandikwe tangu mwanzo kwamba pengo hilo litazibwa na kila nchi kwa kubadili majira yake, siyo kwa kuigusa UTC. Itachukua karne nyingi kufika huko, na kazi yenyewe itakuwa ileile iliyofanywa Juba kwa usiku mmoja. Wanafalaki wana haki ya kudai kitu kimoja kabla ya hapo: kipimo cha mzunguko wa dunia kiendelee kutangazwa kila siku, bure, kwa namna ambayo darubini na kalenda za swala zinaweza kukisoma moja kwa moja. Kenya ni mwanachama kamili wa Mkataba wa Mita na ina kiti mezani. Nchi za jumuiya yetu zina muda wa kukubaliana juu ya namba ya kuipeleka huko, na redio zetu zinaweza kuieleza kwa dakika tano kabla wajumbe hawajapanda ndege.